Mchoro usiofungwa huzurura: Shikisha kazi yako ya CAD kwenye bapa kabla mteja hajabadili nia

MTEJA wa kazi ya CAD ana tabia moja ambayo kila msee aliyewahi kuuza mchoro anaijua. Leo atakupa vipimo na kukuambia, "Hivyo ndivyo, usiguse kitu." Kesho kutwa, saa nne usiku, WhatsApp inalia: "Boss, ile pleti ya kushikia kamera iwe 120, si 80. Naipeleka kukatwa asubuhi."

Ujumbe huo mfupi ni mtihani kuliko mtihani wowote wa chuo. Kuna kijana atakayefungua faili, abadilishe namba moja, kila kitu kijipange mahali pake, atume na kulala. Na kuna mwingine atakayebadilisha namba ileile halafu aone paipu imeachwa upande, mashimo yamerundikana kushoto, na orodha ya hatua zake imejaa alama nyekundu. Huyo wa pili halali. Anaanza upya, na asubuhi anatuma kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakiamini.

Tofauti kati ya hawa wawili si laptopu wala karo waliyolipa. Wote wanajua kuchora. Tofauti ni kwamba mmoja aliufunga mchoro wake kwenye mabapa ya marejeo tangu dakika ya kwanza, na mwingine aliuacha ukielea. Hapa nataka tuongee kuhusu hiyo dakika ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama ujuzi huu utakuwa hasla ya kukulipia kodi au mchezo tu wa kompyuta.

Pembe ya bedsita yako

Ukifungua kazi mpya katika FreeCAD, SolidWorks, Fusion au Onshape, skrini huonekana tupu. Si tupu. Ndani yake tayari kuna mabapa matatu yanayokatana mahali pamoja. Bapa ni kitu kama karatasi iliyonyooka kabisa, isiyo na unene wala mwisho. Hulishiki, hulikati, na halichapishwi. Kazi yake ni moja tu: kuwa mahali ambapo kila kitu kingine hupimwa kutoka hapo.

Hebu angalia pembe ya bedsita yako, pale chini kabisa ambapo sakafu hukutana na kuta mbili. Sakafu ni bapa la kwanza. Ukuta mmoja ni la pili, ule mwingine la tatu. Ile nukta ambapo zote tatu hukutana ndiyo kitovu, yaani sifuri, sifuri, sifuri. Ukitaka kumwambia mtu kwa simu taa iko wapi, mambo matatu yanatosha: umbali kutoka ukuta huu, umbali kutoka ule mwingine, na urefu kutoka sakafuni. Huhitaji kumwambia "iko karibu na kabati", kwa sababu kabati linaweza kuhamishwa Jumamosi. Ukuta hauhami.

Mabapa hayo huitwa XY, XZ na YZ kulingana na mihimili inayolala juu yake. Chunga kitu kimoja ukihama programu. Katika FreeCAD na Onshape, bapa la XY ndilo hutazamwa kutoka juu, ni kama sakafu. Katika SolidWorks, XY ndilo bapa la mbele, ni kama ukuta unaokutazama. Majina yanafanana lakini chumba kimegeuzwa, kwa hivyo kabla hujachora mstari wowote, hakikisha unajua umesimama wapi.

Sasa, ukichagua bapa moja na kuanza kuchora juu yake, yale mengine mawili hayajapotea. Unayaona kwa ubavu tu, kama mistari miwili inayokatana katikati ya skrini. Katika FreeCAD ule wa kulala ni mwekundu na wa kusimama ni kijani. Vijana wengi hudhani ile mistari ni mapambo. La hasha, hizo ni kuta zako. Mchoro wako unatakiwa kuzishika.

Fundi wa mjengo alijua kitambo

Kabla useme hili ni jambo la wasomi, pita kwenye mjengo wowote unaoanza, Ruiru, Kitengela au Mtwapa. Kabla jiwe la kwanza kulazwa, fundi hupigilia mbao kuzunguka kiwanja, akatia misumari, halafu akavuta kamba. Pembe anazithibitisha kwa hesabu ya tatu, nne, tano: pima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na ukikuta mshazari ni futi 5 kamili basi pembe yako imenyooka. Juu atatumia pimamaji, na ukutani atashusha timazi.

Kamba zile si nyumba. Siku nyumba ikiisha zitakuwa zimeshatupwa. Lakini kila jiwe limepimwa kutoka kwake. Muulize fundi kwa nini asipime jiwe la pili kutoka kwa la kwanza, la tatu kutoka kwa la pili, na kuendelea. Atakucheka. Kosa la milimita 3 kwa kila jiwe, likirundikana upande mmoja, kufikia jiwe la 10 limekuwa milimita 30. Ukipima kila jiwe kutoka kwa kamba, kila moja lina kosa lake dogo na halimrithishi mwenzake.

Mabapa ya marejeo ni zile kamba. Kijana anayechora shimo la pili kwa kupima kutoka kwa la kwanza, la tatu kutoka kwa la pili, na ukingo kutoka kwa la mwisho, anajenga bila kamba. Kompyuta haikosei milimita 3, ni kweli. Lakini mnyororo ule ni uleule: ukigusa shimo la kwanza, wote walio nyuma yake wanahama naye.

Kijana wa miaka 24 na kalamu ya mwanga

Wazo la kuiambia kompyuta masharti badala ya kuchora kwa mkono mtulivu si jipya. Mnamo 1963, Ivan Sutherland, aliyekuwa na miaka 24 alipowasilisha tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani, aliandika programu iliyoitwa Sketchpad. Ilifanya kazi kwenye kompyuta ya TX-2, na yeye alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga.

Cha ajabu hakikuwa kuchora. Alichora mistari minne ovyo, halafu akaiambia kompyuta: hii miwili iwe sambamba, hii ikutane kwa pembe mraba. Kompyuta ikairekebisha yenyewe. Yaani alichosema ni "nataka iwe hivi", na mashine ikatafuta jinsi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 programu ya Pro/ENGINEER ikalileta wazo hilo viwandani kwa maumbo ya 3D, na mwaka 1995 SolidWorks ikalishusha hadi kwenye kompyuta za kawaida za Windows. Unapobofya kitufe cha kufanya mistari miwili iwe sambamba leo, unatumia wazo la kijana aliyekuwa na umri wako miaka zaidi ya 60 iliyopita.

Digrii ambazo unatakiwa kuwa na sifuri

Hapa ndipo hesabu inaingia, lakini usiogope, ni ya kutoa tu.

Kila kitu unachochora kina uhuru wa kusogea. Wataalamu huuhesabu kwa digrii za uhuru. Nukta moja juu ya bapa ina digrii 2, kwa sababu inaweza kwenda kushoto na kulia, au juu na chini. Mstari una ncha mbili, kwa hivyo una digrii 4. Duara lina 3: mbili za kitovu chake na moja ya ukubwa wake.

Tuseme umechora mstatili. Mistari 4, kila mmoja digrii 4, jumla 16. Maze, hiyo ni zaidi ya digrii za familia nzima! Sasa anza kuzipunguza kwa masharti:

Kwanza, unganisha pembe nne, ncha ya mstari mmoja ikae juu ya ncha ya mwenzake. Kila pembe inaondoa digrii 2, jumla 8. Zimebaki 8.

Pili, mistari miwili ilale na miwili isimame wima. Kila sharti linaondoa 1, jumla 4. Zimebaki 4. Programu nyingi hukufanyia hatua hizi mbili zenyewe ukitumia kifaa cha mstatili.

Tatu, weka vipimo: upana 80, urefu 50. Zimeondoka 2. Zimebaki 2.

Hapa ndipo watu wengi husimama. Umbo limekamilika kwa macho, namba zote ambazo mteja alitoa ziko ndani, sasa ni nini kingine? Zile digrii 2 zilizobaki ndizo za mahali. Mstatili wako una ukubwa lakini hauna anwani. Ushike kwa kipanya uuvute, utauona ukitembea skrini nzima kama matatu isiyo na ruti.

Nne, funga mahali. Chagua pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, chagua kitovu, halafu sema: ziwe na ulinganifu, kila moja upande wake. Digrii 2 za mwisho zimeondoka. Umefika sifuri, na katikati ya pleti yako iko pale hasa mabapa matatu yanapokutana.

Programu itakuambia kwa rangi. Katika FreeCAD, mistari meupe hugeuka kijani kwa kawaida. Katika SolidWorks na Fusion, ya buluu hugeuka nyeusi. Hizi ndizo digrii pekee duniani ambazo mwajiri anafurahi akisikia huna hata moja. Kama wewe ni kama mimi, chuo kilikushinda katikati, hii ni habari njema.

Pleti ya kamera, hatua kwa hatua

Turudi kwa yule mteja wa saa nne usiku. Anataka kishikio cha kamera ya CCTV: pleti ya chuma ya 80 kwa 50, unene wa milimita 6, mashimo manne ya skrubu kwenye pembe, na paipu ya kipenyo cha milimita 25 katikati.

Kijana wa kwanza alichora pleti mahali popote skrinini. Akaja na mchoro wa pili, akaweka duara la paipu pale ambapo macho yake yalimwambia ni katikati, au akapima milimita 40 kutoka ukingo wa kushoto. Siku ile 80 ilikuwa sawa kabisa, nusu ya 80 ni 40. Mteja akisema 120, pleti inakua kuelekea kulia, katikati mpya ni 60, lakini paipu bado iko 40. Imekaa milimita 20 nje ya katikati. Kwa sababu pleti haikufungwa mahali, hakuna hata uhakika itakua upande gani. Programu inachagua yenyewe.

Kijana wa pili aliweka katikati ya pleti juu ya kitovu kama tulivyofanya hapo juu. Paipu yake akaichora kwenye bapa lilelile la XY, kitovu cha duara juu ya kitovu cha dunia yake. Hakuandika 40 popote. Pleti ikiwa 80, 120 au 300, inakua nusu kushoto na nusu kulia, na paipu haina pa kwenda. Iko katikati kwa sababu katikati ndiyo sifuri.

Mashimo manne naye hakuyapima moja baada ya lingine. Alichora mawili kwa ulinganifu wa mhimili wa kusimama, na mengine mawili kwa ulinganifu wa ule wa kulala. Kisha akaweka umbali kati ya mashimo uwe upana kutoa 20. Katika FreeCAD unaweza kulipa sharti jina, mfano Upana, halafu ukaandika hesabu hiyo ndani ya kipimo kingine. Upana ukiwa 80, mashimo yako umbali wa 60. Ukiwa 120, yako 100. Daima milimita 10 kutoka ukingoni, bila wewe kugusa.

Kazi ya mteja huyu ilichukua sekunde tano. Andika 120, gonga Enter.

Swali la kuuliza kabla ya kufunga

Lakini ngoja. Kabla hujafurahia, kuna swali ambalo kompyuta haiwezi kukujibia. Je, mteja anataka mashimo yafuate ukingo, au yabaki palepale?

Kama pleti inaenda kwenye ukuta mpya, basi milimita 10 kutoka ukingoni ni sawa, chuma kinabaki na nguvu karibu na shimo. Lakini kama ukutani tayari kuna mashimo manne ya kamera ya zamani, yenye umbali wa 60, basi 60 haitakiwi kubadilika hata pleti iwe kubwa kama meza. Hapo sharti lako linatakiwa kuwa 60 kavu, lililogawanywa sawa pande mbili za bapa.

Michoro hiyo miwili inafanana kabisa siku ya kwanza. Ukiichapisha, hakuna atakayeitofautisha. Tofauti hujitokeza siku mteja anapobadili nia. Ndiyo maana masharti si urembo wa kugeuza mistari kijani. Ni maandishi ya kile ulichokielewa kuhusu kazi. Ukichora bila kuuliza "hiki kikibadilika, nini kibaki?", umechora picha, hujachora kifaa.

Usiegemee mwenzako anayebadili jina

Kuna mtego mwingine ambao umewaliza wengi, hasa watumiaji wa FreeCAD. Ni rahisi sana kubofya uso wa juu wa pleti uliyotengeneza na kuanza kuchora paipu hapo. Ni jambo la kawaida: paipu inakaa juu ya pleti, si ndiyo?

Tatizo ni kwamba kwa programu, ule uso ni namba tu. Tuseme ni uso namba 6. Sasa rudi nyuma, uviringishe pembe za pleti au ukate pengo la waya kupita. Nyuso zimeongezeka, programu inazihesabu upya, na uso namba 6 wa leo unaweza kuwa ubavu badala ya juu. Mchoro wako uliambiwa ukae juu ya namba 6, nao ni mtiifu, unahamia ubavuni. Paipu inatokea pembeni kama sikio.

Shida hii ilijulikana kwa miaka mingi, na toleo la FreeCAD 1.0 lililotoka Novemba 2024 liliipunguza sana. Kuipunguza si kuimaliza. Dawa ya kudumu ni ileile ya fundi wa mjengo: egemea kamba, si jiwe. Mabapa ya XY, XZ na YZ hayahesabiwi upya. Yalikuwepo kabla ya umbo lako na yatakuwepo ukilifuta.

Utauliza, je, unene ukitoka 6 kwenda 8, paipu itajuaje? Tengeneza bapa lako la ziada, sambamba na XY, lililoinuliwa kwa umbali ule ule wa unene. Lipe hesabu: umbali wake ni Unene. Chora paipu juu ya bapa hilo. Unene ukibadilika, bapa linapanda, paipu inapanda nalo, na hakuna mahali ulipotegemea namba ya uso wowote. Umepata faida zote mbili.

Makosa manne yanayokula muda

La kwanza ni kugandisha. Programu nyingi zina amri ya kugandisha mstari pale ulipo. Ni njia ya mkato tamu: bofya mara moja, kila kitu kinageuka kijani. Lakini hujasema mstari uko wapi wala kwa nini, umeugandisha tu. Siku ya kubadili kipimo, hautasogea.

La pili ni kuamini macho. Mstari unaonekana umegusa mhimili. Kuza skrini na utaona pengo la sehemu ndogo ya milimita. Umbo lenye pengo halijafungwa, na programu itakataa kulipa unene. Usiweke mstari karibu na bapa, weka sharti kwamba uko juu yake.

La tatu ni kurudia sharti. Umeandika upana ni 80, kisha nusu ya kushoto 40 na nusu ya kulia 45. Hayo hayawezi kuwa kweli yote, na programu italalamika. Usibofye ovyo hadi inyamaze. Soma ni masharti gani yanagongana, uondoe lile ambalo mteja hakulitaja.

La nne ni kuanzia pembeni bila sababu. Kitu chenye pande mbili zinazofanana, kiweke kitovu katikati. Kitu kinachoegemea ukuta au sakafu, weka uso wake wa kuegemea kwenye bapa. Kitu kinachozunguka, kama pulley au kifuniko cha chupa, weka mhimili wake wa kuzunguka juu ya mhimili wa programu. Ukija kuunganisha vifaa vingi kuwa kimoja, utalinganisha bapa kwa bapa na kumaliza haraka.

Kwa nini jambo hili ni pesa

Chuma kikishakatwa hakirudi kuwa kizima. Ukipeleka faili kwenye mashine ya leza kule Industrial Area, mashine haiulizi ulimaanisha nini. Inakata ulichoandika. Paipu ikiwa milimita 20 nje ya katikati, welda wa Kariobangi Light Industries ataona kosa akiwa ameshika kipande mkononi, na simu ya kwanza itakuja kwako. Mtaani sifa ni kila kitu. Fundi anayepokea faili mbovu mara mbili hatakupigia mara ya tatu, na hatakuambia kwa nini.

Kinyume chake pia ni kweli. Faili iliyofungwa vizuri ni bidhaa unayoiuza mara nyingi. Pleti ya 80 inakuwa ya 100, ya 120, ya 150, kwa kubadili namba. Mteja wa kwanza alilipia kazi ya kuifikiria. Wanaofuata wanalipia sekunde tano, na bei ni wewe unayeipanga.

Na huhitaji mtaji mkubwa kuanza. FreeCAD ni ya bure kabisa, hata kwa kazi ya biashara, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Onshape hufunguka ndani ya kivinjari na ina akaunti ya bure, lakini kazi zako huko huonekana na kila mtu na hairuhusiwi kwa biashara. Fusion nayo ina leseni ya bure ya matumizi binafsi yasiyo ya pesa. Kama lengo lako ni kuuza, soma masharti ya leseni kwa makini kama unavyosoma masharti ya mchoro. Usije ukajenga jina lako juu ya programu ya wizi, halafu mteja mkubwa akuulize risiti.

Jaribu leo usiku

Chukua faili ya kazi yako yoyote ya zamani. Fungua mchoro wa kwanza kabisa, ule ulio chini ya kila kitu. Shika mstari mmoja kwa kipanya na uuvute. Ukisogea, mchoro huo bado unaelea.

Kisha fanya jaribio la pili, lile gumu. Chagua kipimo kikubwa kuliko vyote na ukizidishe mara mbili. Usirekebishe chochote, angalia tu. Kilichobaki mahali pake ulikifunga kwa sababu. Kilichohama ovyo ulikichora kwa bahati. Rekebisha hicho, kirudishe kwenye bapa, ujaribu tena hadi umbo lote likue bila kuvunjika.

Ukifika hapo, weka simu sauti ya juu ulale. Mteja akituma ujumbe saa nne usiku, mjibu: "Sawa boss, nipe dakika moja."